Mstari wa Mdhamini

Kwa nini watu kumi na wanne wenye akili zao, ambao kila mmoja alihesabu chenji yake mara mbili kabla ya kutoka dukani, waliacha wazi mstari mmoja tu katika waraka uliohusu uzee wao? Swali hilo bado siwezi kulijibu. Ninachoweza ni kueleza jinsi mstari wenyewe ulivyoachwa, kwa kuwa waliokuwapo wanakumbuka vizuri, na kila anayesimulia huanza na chai.

Ilikuwa saa nne asubuhi, miaka kumi na tisa iliyopita, katika kiwanda cha kuchapa na kujalidi vitabu. Enzi hizo kazi ilikuwa nyingi hadi ya kukataa. Shule zilitaka madaftari, maghala yalitaka vitabu vya stakabadhi, na ofisi za umma zilitaka rejista nene zenye migongo ya ngozi. Harufu ya gundi ya moto iliingia kwenye nguo za wafanyakazi ikagoma kutoka, hata watoto wao wakaizoea kama harufu ya nyumbani. Asubuhi hiyo mashine zilizimwa kwa ajili ya chai, na mwenye kiwanda, aliyeitwa na wote Mzee Wino kwa sababu ya kucha zake ambazo hazikuwahi kutakata, akatoka ofisini na karatasi mkononi. Aliketi juu ya robota la karatasi, miguu ikining'inia, kama mmoja wao.

"Nimeamua tuwe na mfuko wa kustaafu," alisema. "Kila mwezi mtaweka kidogo, na mimi nitaweka kiasi kilekile. Mtu akifika umri anaondoka na chake. Sitaki kusikia fundi wangu anakopa nauli."

Akausoma waraka wote kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, huku chai zikipoa. Alipofika karibu na mwisho aliinua macho. "Hapa wanataka jina la mdhamini. Mtu wa kuzishika fedha hizi kwa niaba yenu, zisichanganyike na za kiwanda. Tumwandike nani?"

Mkataji karatasi, ambaye wakati huo alikuwa bado na nywele lakini jina la Kipara alikwisha kupewa, alijikuna shingo. "Mzee, tukimwandika mtu hapo, si tutakuwa tunasema wewe huaminiki?"

"Sijasema hivyo. Wanasema ni vizuri awepo."

"Wanasema nani? Hao wanatujua sisi?"

Hapo ndipo mjalidi mkuu, mwanamke mwembamba waliyemwita Bi Sindano, alipotoa neno lililomaliza mazungumzo. "Paacheni wazi tu," alisema. "Wewe upo, Mzee. Tunataka nani tena?"

Wakacheka, wakapiga makofi. Mzee Wino naye alicheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaukunja waraka ule mara nne na kuutia mfukoni. Kisha kengele ililia na kila mtu akarudi kwenye mashine yake.

*

Mzee Wino alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Miezi minne baadaye, kiwanda kilipokwisha kupata mnunuzi, Bi Sindano alikwenda kwenye ofisi inayosimamia mifuko ya wafanyakazi kuulizia kiinua mgongo chake. Angetimiza umri wa kustaafu mwishoni mwa mwezi. Alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akapanga foleni tangu asubuhi, na zamu yake ilipofika karani wa dirishani alikuwa akimalizia andazi.

"Mdhamini wenu nani?"

"Mzee."

"Mzee nani?"

"Mwenye kiwanda. Ametangulia mbele ya haki."

"Pole. Lakini mwenye kiwanda ni mwajiri, mama. Mimi nauliza mdhamini." Karani alitoa kwenye faili la kiwanda ule waraka uliokunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa. Unajua kusoma?"

Watu waliokuwa nyuma yake walisikia. Macho ya Bi Sindano yalikuwa yamenasa kwenye rejista iliyokuwa mbele ya karani. Aliujua mshono ule. Uzi uliopakwa nta, vituo vitano vya sindano, fundo la mwisho limefichwa ndani ya mgongo ili lisikwaruze vidole vya mwandishi. Alikuwa ameishona mwenyewe, labda mwaka ambao binti yake alianza darasa la kwanza, na haikuwa imeachia hata karatasi moja.

"Najua," alisema. "Kwani ni lazima jina liwepo?"

"Mfuko bila mdhamini fedha zake zinakaa kwenye akaunti ya mwajiri. Mwajiri akiuza, mnunuzi anachukua mashine, anachukua na akaunti. Nani atasimama aseme hizi si zako?" Karani alilainika kidogo alipoona uso wake. "Bado hamjachelewa. Wanachama mkutane, mtaje jina, mlilete kabla kiwanda hakijakabidhiwa. Ila huyo mtakayemtaja asiwe amekwisha kulipwa. Mdhamini hulipwa wa mwisho, baada ya wote. Kesi ikiwepo, anangoja mpaka iishe."

"Inaweza kuchukua muda gani?"

"Mwaka. Miwili. Sogea kidogo, mama, kuna watu nyuma yako."

*

Kesho yake aliitwa ofisini na binti wa marehemu. Mlinzi mpya wa mnunuzi, aliyekuwa na siku tatu tu pale, alimtaka kitambulisho na kumwambia akae kwenye benchi la wageni. Bi Sindano alikaa. Alikuwa amepita mlango ule kwa miaka ishirini na saba bila kuulizwa chochote zaidi ya habari za asubuhi.

Binti alipomwona kwenye benchi alitoka mbio. "Shangazi, nani amekuweka hapa? Ingia, ingia." Alimshika mkono hadi ndani, akamfungia mlango. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Zamani alikuwa kitoto kinachocheza chini ya meza ya kujalidi, kikikusanya vipande vya karatasi za rangi na kuviuza kwa wafanyakazi kwa pipi. Bi Sindano alikuwa akimshonea madaftari ya shule yenye jina lake mgongoni.

"Shangazi, hospitali imetumaliza. Unajua baba alivyougua. Bila kuuza, benki itachukua hata nyumba ya mama." Alisukuma karatasi mezani. "Mwanasheria ameandika hii. Inasema mfuko ulikuwa hisani ya baba kwa wafanyakazi, si haki ya mkataba. Mnunuzi anataka maneno ya mtu wa zamani, na wewe ndiye wa zamani kuliko wote. Ukitia sahihi, wewe nitakulipa chote. Chote, Ijumaa hii. Baba angetaka hivyo."

"Na wenzangu?"

Binti alitazama mikono yake. "Watapata kifuta jasho."

"Kiasi gani?"

"Mishahara ya miezi miwili."

"Kipara ameweka kwa miaka kumi na tisa."

"Najua, shangazi. Usidhani sijui." Aliigusa karatasi kwa kidole. "Kama kungekuwa na jina pale, nisingekuwa na ruhusa hata ya kufikiria. Lakini hakuna. Naambiwa ninaweza, na nina madeni."

Bi Sindano aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Alisema atamjibu baada ya siku mbili. Alipotoka, mlinzi alimwomba afungue mkoba ili aone kama hakuchukua kitu.

*

Familia ya Bi Sindano iliishi katika vyumba viwili na ukumbi mdogo, na ilikuwa imepanga hapo miaka ishirini na miwili. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba kabla hajaanguka kutoka kwenye ngazi na kuumia mgongo. Kuta zile alizipaka mwenyewe mara tisa, kwa mabaki ya rangi za nyumba za wengine, na pale ambapo ubao wa kitanda ulikuwa umekwaruza ukuta mtu aliweza kuisoma miaka yao: kijani cha mwaka wa harusi, samawati ya mwaka mtoto alipozaliwa, njano ya kipindi ambacho kazi zilikuwa tele na Jumamosi wote watatu walitoka kwenda kutembea baada ya saa saba, mama akiwa na mshahara katika bahasha, baba akiimba ovyo, mtoto katikati yao akining'inia mikononi.

Sasa mwenye nyumba alikuwa akiuza. Kwa kuwaheshimu, aliwaambia wao kwanza, akawapa hadi mwisho wa mwezi. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawasawa na kiinua mgongo cha Bi Sindano, kana kwamba alikuwa amechungulia.

"Kwa hiyo Ijumaa," alisema mumewe, baada ya kuisoma karatasi ya mwanasheria mara mbili. Ilikuwa jioni, mlango uko wazi, majirani wanapita. "Ijumaa hii hii."

"Ijumaa hii."

"Basi unangoja nini, mama watoto? Kalamu imeisha wino?"

"Tumebaki wanachama kumi na mmoja. Kuna watu kumi nyuma yangu."

"Mimi nilipoanguka kulikuwa na watu wangapi nyuma yangu? Tajiri alinipa soda. Soda yenyewe ya moto." Alijaribu kucheka, mgongo ukamkataza. "Sisemi uwadhulumu. Nasema kila mtu apiganie chake. Wao nao wana midomo."

"Mimi ndiye niliyesema paachwe wazi."

"Nini?"

"Ule mstari. Mzee aliuliza amwandike nani. Wengine walikuwa wanasitasita tu. Mimi ndiye niliyesema, wewe upo, tunataka nani tena. Wakapiga makofi."

Mumewe alimgeukia. Alikuwa akimjua tangu akiwa msichana wa kukunja karatasi, lakini hili hakuwahi kuambiwa. "Ulisema kwa wema," alisema.

"Nilisema ili nipendeze. Nilikuwa nampenda yule mzee kama baba, nikataka ajue."

Mume aliikunja karatasi, akamrudishia.

*

Mhasibu wa kiwanda alikuwa mtu mkimya aliyekula peke yake na aliyedhaniwa kuwa na maringo. Bi Sindano alimkuta stoo akipanga vitabu vya hesabu kwenye masanduku, kwa kuwa mnunuzi alikuja na mhasibu wake.

"Kaka, niambie kweli. Mle ndani kuna kitu, au tunagombania mfuko mtupu?"

"Nilikuwa nikijiuliza ni nani atakuja kuuliza," alisema. "Nilidhani Kipara."

"Kipara anauliza mengine. Nijibu."

Mhasibu aliketi juu ya sanduku. "Kuna theluthi mbili. Theluthi moja Mzee aliichukua alipoanza kuugua."

Bi Sindano alishika ukingo wa rafu.

"Haikuwa mara ya kwanza. Unaukumbuka ule mwaka karatasi ilipopanda bei, viwanda vingine vikafukuza watu, sisi tukalipwa kama kawaida?"

"Tulimwombea dua mwezi mzima."

"Mlilipwa kutoka kwenye mfuko wenu wenyewe. Alizirudisha baada ya miezi kumi, mpaka senti ya mwisho. Nilishuhudia. Kisha mashine kubwa ikafa, akachukua tena, akarudisha tena. Kila alipochukua alikuja kwangu akasimama hapo mlangoni ulipo, akaniuliza, unaonaje, mhasibu? Mimi nina mamlaka gani ya kumkatalia? Ni mwajiriwa wake. Alikuwa akisubiri mtu wa kumwambia hapana, dada. Mwenyewe aliniambia hivyo. Alisema, wale watu wananiamini mno mpaka naogopa kurudi nyumbani."

Nje, mashine ya kukatia karatasi ilishuka na kupanda. Bi Sindano alimwona tena mzee yule akivua miwani na kuifuta, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika kwamba asubuhi ile alikuwa amefurahi. Siku zile zote tamu, chai ile, vicheko vile, bahasha zilizotolewa kwa mkono na kutajwa kwa jina. Hakuna kilichokuwa uongo. Lakini ndani yake mtu mmoja alikuwa ameachwa peke yake na fedha za watu kumi na wanne, naye hakuwa malaika, na wao waliomba awe.

"Hiyo theluthi inaweza kurudi?"

"Ni deni la kiwanda kwa mfuko. Imeandikwa, nimeiandika mwenyewe. Likidaiwa kabla ya mauzo, linakatwa kwenye bei. Lakini mwenye haki ya kudai ni mdhamini tu."

"Binti ataumia."

"Ataumia," alikubali mhasibu. "Ila nyumba ya mama yake itabaki. Nimepiga hesabu."

*

Jioni hiyo Bi Sindano alimweleza mumewe kila kitu, bila kupunguza. Alimweleza pia kwamba mdhamini hulipwa wa mwisho. Hakumwomba ruhusa wala mume hakutoa. Alipitisha kiganja ukutani, juu ya njano, juu ya samawati, kama anayetafuta mahali rangi ilipoumuka.

"Duka la viatu pale kona hutupa maboksi siku ya Jumamosi," alisema baadaye. "Nitapita kuwaomba watuwekee. Vyombo vyako vya udongo nitavifunga mimi, wewe una haraka."

Bi Sindano aliweka kichwa begani kwake, upande usiouma.

*

Walikutana Ijumaa baada ya kazi, uani, palipokuwa na kivuli cha ukuta wa ghala. Wanachama wote kumi na mmoja waliobaki walikuja. Binti wa marehemu pia alikuja, kwa kuwa Bi Sindano alimwita, akasimama kando akiwa amekumbatia faili. Mhasibu aliwasomea hesabu yote, pamoja na theluthi iliyotoka. Alipomaliza, mwendesha mashine alitema chini.

"Kwa hiyo Mzee alitula."

"Funga mdomo," alisema Kipara. "Alikulisha mwaka mzima ukiwa huna kazi ya kufanya. Hapo hukutema."

"Kwa hela yangu!"

"Kwa hela yako, na yangu, na ya Bi Sindano. Sasa wewe ulitaka atoe wapi, mfukoni mwa bibi yako?"

Wachache walicheka, bila furaha. Kisha mhasibu akauliza wamwandike nani awe mdhamini, na kila mmoja akatazama viatu vya mwenzake. Mwendesha mashine alisema yeye ana kesi nyingine mahakamani. Kipara alisema yeye hesabu zinamkimbia tangu shuleni. Mmoja alipendekeza mhasibu, mwingine akasema mhasibu ni mtu wa mwajiri. Fundi chapa akasema, kwa upole uleule wa zamani, "Kwani Binti mwenyewe si mtoto wetu? Tumemlea humu humu. Tumwachie. Hawezi kututupa."

Watu kadhaa walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa jambo la heshima, na lilikuwa rahisi. Binti alifumba macho.

"Hapana," alisema Bi Sindano.

Aliitoa ile karatasi ya mwanasheria kwenye mkoba, haina sahihi, akamkabidhi Binti mbele ya wote. "Mwanangu, hii sitaitia sahihi. Ungenilipa mimi leo, nakushukuru, lakini ingekuwa ni kwa fedha za hawa. Baba yako tulimwonea. Tulimpa mzigo tukauita heshima, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia Mzee, hizo usiguse. Wewe hatutakufanyia hivyo."

"Utanidai, shangazi?" Binti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitakidai kiwanda. Theluthi nzima, kabla hujakabidhi funguo. Na Jumapili nitakuja kumwona mama yako kama kawaida, mkitaka kunifungulia mlango."

Binti hakuondoka. Bi Sindano akawageukia wenzake.

"Niandikeni mimi. Kiinua mgongo changu sitakichukua mpaka kila mmoja wenu awe amechukua chake. Nyumba nitaikosa, tunahama Jumatano, mume wangu anajua. Jumatatu asubuhi nalipeleka jina langu pale ofisini. Na kila mwisho wa mwezi tutakaa, nitasoma hesabu kwa sauti, senti kwa senti, mbele ya wote. Atakayeniambia kwamba ananiamini mno, hana haja ya kusikiliza, huyo ndiye nitakayemkalisha mbele."